Shelfu za asali zinazopinda: dawa ipi husaidia na ipi haihusiki

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina duka la asali hapa Tabora mjini. Mwaka juzi niliwekewa shelfu za MDF, zile mbao za kiwandani za nyuzi za mti na gundi, za milimita 18. Kutoka sapoti hadi sapoti ni sentimita 90, na kina chake ni sentimita 30. Kila shelfu napanga chupa za asali zenye uzito wa kama kilo 40. Siku ya kwanza zilibonyea kama sentimita moja, nikaambiwa ni kawaida. Sasa zimefika sentimita tatu na zaidi, na sijaongeza mzigo wowote. Fundi anasema kosa ni kwamba hazikupigwa dawa, tukizipiga dawa ya mchwa zitaacha kupinda. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam anasema kuna mbao zilizobadilishwa kwa kemikali huko Ulaya ambazo hazipindi kabisa, niagize hizo. Jirani naye anasema nizigeuze tu, chini iwe juu. Nimsikilize yupi?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa usumbufu. Nitangulize jibu fupi, maana chupa zikiporomoka hasara ni yako. Dawa ya mchwa haitazuia shelfu kupinda. Mbao anazozisema mdogo wako zipo kweli na zina faida kweli, ila hazitatui tatizo ulilo nalo. Kuzigeuza kutakupa nafuu ya muda, kisha zitapinda upande wa pili. Kinachotakiwa ni kuongeza sapoti katikati, au kufunga vipande vya mninga mkavu kwenye kingo za shelfu. Sasa naomba univumilie nieleze sababu, kwa kuwa jambo hili linawasumbua wengi, na mara nyingi hujibiwa kwa kubahatisha.

Umesema neno moja la maana sana: hukuongeza mzigo. Kilo 40 za siku ya kwanza ndizo kilo 40 za leo, na ubao umeendelea kushuka. Mbao zote hufanya hivyo. Ukiuwekea ubao mzigo, hupinda papo hapo kwa kiasi fulani, na kiasi hicho hurudi chote ukiutoa. Baada ya hapo huanza mpindo wa polepole, wiki baada ya wiki, mwaka baada ya mwaka, mzigo ukiwa uleule. Sehemu ya mpindo huu hurudi taratibu mzigo ukiondolewa, sehemu nyingine hairudi tena. Mwanzoni huenda haraka, kisha hupunguza mwendo. Mara nyingi kinachoongezeka kati ya mwezi wa kwanza na wa kumi hakipishani sana na kinachoongezeka kati ya mwezi wa kumi na wa mia. Lakini mzigo ukiwa mkubwa mno kwa nguvu ya ubao, baada ya kutulia huko mwendo huanza kuongezeka tena, na hapo ubao unaelekea kuvunjika.

Chanzo kiko ndani ya ukuta wa seli za mti. Ukuta huo una nyuzi ngumu za selulosi, zikiwa zimeshikwa pamoja na hemiselulosi na lignini. Selulosi haitelezi kirahisi. Hemiselulosi na lignini ndizo zinazoteleza, na maji huzilainisha, hasa hemiselulosi. Molekuli zake zimejaa vikundi vya haidroksili vinavyoyavuta maji, na maji yakishika pale, vifungo vilivyokuwa vinaishikanisha molekuli moja na nyingine hulegea.

Kwenye ubao wa mninga uliopasuliwa vizuri, nyuzi za selulosi hufuata urefu wa ubao, na mzigo unabebwa na hizo nyuzi. MDF ni kitu kingine. Mti umesagwa ukawa nyuzi fupi, ukachanganywa na gundi, ukakandamizwa kwa joto. Hakuna uzi unaosafiri kutoka sapoti hadi sapoti. Mzigo unarithishwa kutoka kipande hadi kipande kupitia gundi. Kwa hiyo ukakamavu wake ni mdogo, karibu megapaskali 2,500 (kipimo cha ukakamavu), wakati mninga una kama 8,000, na mpindo wa polepole nao ni mkubwa zaidi.

Kanuni ya Ulaya ya majengo ya mbao, Eurocode 5, imeliweka hili katika namba. Inachukua mpindo wa siku ya kwanza na kuuzidisha kwa kigezo ili kupata mpindo utakaoongezeka katika maisha ya jengo. Mbao za kawaida ndani ya nyumba kavu zina kigezo cha 0.6, na 0.8 mahali penye unyevu wa wastani chini ya paa. Plaiwudi ina 0.8 na 1.0. MDF ya kubebea mzigo ina 2.25 pakavu, na ile iliyotengenezwa mahususi kwa unyevu ina 3.0 ikiwekwa penye unyevu wa wastani. MDF ya kawaida ya fanicha, ambayo bila shaka ndiyo uliyouziwa, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Tuzipeleke namba hizo dukani kwako. Kwa kilo 40 zilizotawanywa sawasawa juu ya MDF ya milimita 18, kina cha sentimita 30 na sapoti zikiwa sentimita 90, hesabu inanipa mpindo wa siku ya kwanza wa milimita 10. Hiyo ndiyo sentimita uliyoiona. Ongeza mara 2.25 ya hapo, unafika milimita 33. Ongeza mara 3, unafika 40. Vipimo vyako vimeangukia mle mle. Ubao haukuwa na kasoro ya kiwandani, wala hakuna dawa iliyosahaulika. Umefanya kile ambacho ubao wa aina hiyo hufanya ukiachiwa nafasi ndefu kiasi hicho, na bado haujamaliza.

Hapa hali ya hewa ya Tabora inaingia. Mwaka 1960, huko Australia, watafiti Armstrong na Kingston walionyesha kwamba ubao unaobeba mzigo huku unyevu wake ukibadilika hupinda zaidi sana kuliko ubao unaobeba mzigo uleule katika unyevu usiobadilika. Na hapa wengi hukosea: ubao unaokaa na unyevu mwingi siku zote huweza kupinda kidogo kuliko ule unaolowa, ukakauka, ukalowa tena. Kukauka kwenyewe chini ya mzigo hupinda ubao. Fikiria abiria waliosimama ndani ya behewa la treni ya Kigoma lililojaa. Kama hakuna anayepanda wala kushuka, kila mtu anabaki alipo hata akisukumwa. Kila stesheni watu wanapopanda na kushuka, wote husogea, na wanasogea kuelekea upande ambao msukumo upo. Maji yanapoingia na kutoka kwenye ukuta wa seli, vifungo huachia na kushika upya, na vinaposhika upya vinashika mahali palipokwisha kupinda.

Mvua zetu huanza karibu Novemba na kuishia Aprili. Kuanzia Mei ni kiangazi, na ikifika Septemba na Oktoba hewa inakausha hadi midomo. Hewa yenye unyevu wa asilimia 40 huacha kwenye mbao maji ya asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 80 huyafikisha karibu asilimia 16. Tabora husafiri kati ya hali zinazokaribia hizo kila mwaka. Mwenzako wa Kigoma mjini, aliye kando ya ziwa, hewa yake haikauki kama yetu, kwa hiyo MDF yake huvimba zaidi kingoni lakini safari ya juu na chini ni fupi. Shelfu zako zimepita misimu hiyo zikiwa na mzigo mgongoni, na hilo limeziharakisha.

Sasa dawa. Wengi huita dawa kitu chochote kinachomiminwa kwenye mbao, lakini kazi zake ni tofauti kabisa.

Dawa ya mchwa, boroni, na ile ya kijani ya shaba, kromiamu na aseniki inayotiwa kwenye nguzo za umeme, zote zinalenga viumbe: mchwa, bungua, kuvu. Haziondoi haidroksili zinazovuta maji. Mti uliotiwa dawa hiyo hunywa na kutoa unyevu karibu kama kabla, na hupinda karibu kama kabla. Sikukatazi kupiga dawa ya mchwa. Tabora bila dawa hiyo utafuga mchwa. Lakini piga kwa ajili ya mchwa. Na fundi wako aelewe jambo moja: nyingi ya dawa hizi huingizwa pamoja na maji. Ukiimwagia MDF dawa ya maji, nyuzi zitavimba, gundi ya yurea-formaldehidi itadhoofika, na ukiirudisha chini ya chupa za asali kabla haijakauka utaona imeshuka zaidi ya ilivyokuwa.

Hili la mwisho linagusa hata kenchi za nyumba zetu. Mbao za paini zinatoka kwenye mtambo wa dawa zikiwa zimelowa, zinapandishwa juu wiki hiyohiyo, bati linawekwa, na zinakauka huku zimebeba. Eurocode 5 inasema mbao zinazowekwa zikiwa mbichi na kukaukia chini ya mzigo, kigezo chake kiongezwe 1.0 nzima. Kutoka 0.8 unafika 1.8. Watu wanaona paa limebonyea baada ya miaka mitatu, wanalaumu dawa. Kosa ni kutosubiri zikauke, na linaniuma kuliona likirudiwa, kwa sababu kusubiri hakuhitaji vifaa, ni kupanga mbao kivulini zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite.

Kuna dawa ambazo huongeza tatizo. Chumvi za kuzuia moto, hasa zile za fosfeti ya amonia, huvuta unyevu zenyewe, na kwenye joto kali huzaa tindikali inayokula mbao. Marekani katika miaka ya 1980 plaiwudi nyingi za paa zilizotiwa dawa ya aina hiyo zilipoteza nguvu zikiwa hazijaona moto wowote, kwa sababu ya joto la chini ya paa tu. Mtu akikuuzia plaiwudi ya kuzuia moto kwa ajili ya dari iliyo karibu na bati, mwulize kama imepimwa kwa joto kubwa.

Mfano mwingine ni meli ya Vasa ya Uswidi. Ilizama mwaka 1628, ikaibuliwa mwaka 1961, na tangu mwaka uliofuata mbao zake za mwaloni zikanyunyiziwa polietilini glikoli kwa miaka 17 ili zisipasuke wakati wa kukauka. Kemikali ile ilijaza ukuta wa seli na kuzuia kusinyaa, hilo ilifanikiwa. Lakini ilikaa ndani kama kilainishi, na leo mbao za meli ile zinaendelea kupinda taratibu kwa uzito wa meli yenyewe, hadi watunzaji wamelazimika kuibunia egemeo jipya. Hivyo kuzuia ubao usivimbe wala kusinyaa si sawa na kuzuia usipinde. Mwaka 1992 Norimoto, Gril na Rowell walilinganisha kemikali mbalimbali kwenye mti na kulionyesha hilo: zipo zinazotuliza vipimo vya ubao na kupunguza mpindo, na zipo zinazotuliza vipimo huku zikiongeza mpindo. Kinachoamua ni kama kemikali imefunga molekuli za mti pamoja, au imezitenganisha na kuziacha ziteleze.

Sasa nifike kwenye mbao za mdogo wako, ambaye hajakosea. Nadhani anasema asetilesheni. Mti, au nyuzi za mti kabla ya kugandishwa kuwa ubao, hupikwa na asetiki anhidraidi. Haidroksili iliyokuwa inavuta maji inabadilishwa kuwa kikundi cha asetili kisichoyapenda maji. Uzito wa mti huongezeka kwa karibu asilimia 20, na maji unayoshika katika hewa ileile hushuka hadi nusu na chini ya hapo. Kiwanda cha Arnhem, Uholanzi, kinatengeneza mbao hizo kibiashara kwa jina la Accoya, na zipo pia MDF za nyuzi zilizofanyiwa hivyo kwa jina la Tricoya.

Kwenye mpindo, faida yake iko pale penye unyevu unaobadilika. Maji kidogo yakiingia na kutoka, ule msogeo niliokueleza hupungua sana. Faida nyingine ni kuvu. Majaribio yamefanywa ambapo mbao za vipande vilivyogandishwa kwa gundi ziliwekewa mzigo juu huku kuvu wakizila kutoka chini: zisizotiwa kemikali zilishuka na kuvunjika, zilizofanyiwa asetilesheni zikabaki zimebeba. Kwa dirisha, mlango wa nje, au kibao cha duka kinachonyeshewa, ningependa sana kuziona zikitumika kwetu.

Lakini sikiliza. Asetilesheni haiongezi ukakamavu wa ubao kwa kiasi cha maana. Ile sentimita ya siku ya kwanza ingekuwepo vilevile. Mpindo wa polepole wa pakavu, ule usiotokana na maji, nao ungebaki kwa sehemu kubwa. Ungepunguza kile kilicholetwa na misimu, na kingine chote kingebaki. Halafu kwenye ubao wa kugandishwa kuna gundi. Nyuzi zisizopenda maji hazipokei vizuri gundi iliyoyeyushwa kwa maji, hivyo mtengenezaji asipochagua gundi sahihi, nyuzi zitakuwa tulivu na gundi ndiyo itakayoteleza. Skrubu pia ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa mabaki ya tindikali ya siki humo ndani hula chuma cha kawaida. Kwa gharama ya kusafirisha mbao hizo hadi Tabora, utanunua mninga wa kutosha na kubaki na fedha.

Kemikali inayopunguza mpindo kuliko zote katika majaribio ni formaldehidi ikitumika kufunga molekuli moja na nyingine. Hata kiasi kidogo hutosha. Tatizo ni kwamba ubao unakuwa mkavu wa tabia, unakatika ghafla, na gesi yenyewe husababisha saratani. Sitaki kuiona dukani mwa mtu anayeuza chakula.

Turudi kwenye shelfu, maana hapa ndipo utapata ushindi wa bei rahisi. Mpindo hutegemea nafasi kati ya sapoti kwa kipeo cha nne: mzigo ukipangwa kwa msongamano uleule, ukipunguza nafasi kwa nusu mpindo unagawanyika kwa 16. Weka ubao wa wima katikati, kutoka sakafuni hadi shelfu ya juu, ukipita kwa mstari mmoja shelfu zote. Ile milimita 10 ya mwanzo inakuwa chini ya milimita moja, na hata ikizidishwa na miaka haifiki milimita tatu. Hakikisha wa chini umekalia sakafu, usiishie juu ya shelfu ya chini, la sivyo umehamisha mzigo wote kwenye shelfu moja.

Kama hutaki kugawa shelfu, pita kwenye karakana za fanicha uombe mabaki ya mninga, vipande vya urefu wa sentimita 90, kimo milimita 50 na unene milimita 20. Funga kimoja chini ya ukingo wa mbele na kingine nyuma, kimo kikiwa kimesimama wima, kwa gundi na skrubu. Nimepiga hesabu: vipande hivyo viwili huifanya shelfu iwe kakamavu angalau mara kumi. Mpindo wa mwanzo unakuwa milimita moja, wa miaka mingi karibu mbili. Na kuna jambo zuri zaidi linalotokea ndani: kadiri MDF inavyolegea, mzigo unahamia kwenye mninga, ambao kigezo chake ni kidogo. Mninga unasifika pia kwa kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi. Ila uwe mkavu. Ukifunga mbichi, mpindo utakaribia milimita tatu, na skrubu zitalegea ukisinyaa.

Kingo zote zilizokatwa na upande wa chini usio na melamini (lile gamba gumu laini la juu ya ubao) zipakwe vanishi au rangi ya mafuta. Haizuii msimu wa mvua kuingia, lakini inapunguza kulowa na kukauka kwa siku moja moja, kama unapopiga deki.

Kuhusu kugeuza, jirani yako ameona sawa kwamba shelfu itaonekana imenyooka. Inarudi kidogo kwa sababu mzigo umeondoka, na mzigo mpya unaibonyeza kutoka upande wa pili. Lakini ukakamavu haujaongezeka hata chembe. Geuza kama unataka, ila uwe umeshafunga mninga au sapoti. Kabla ya kugeuza tazama vizuri upande wa chini, katikati, kwa tochi. Ukiona nywele za nyufa zinazokwenda kutoka mbele hadi nyuma, au melamini imepasuka, ubao huo usiurudishe chini ya mzigo. Ukate vipande vya kutumia kwingine.

Mwisho, funga uzi kutoka ncha hadi ncha ya shelfu, pima kwa rula umbali wa katikati, andika kipimo na tarehe kwa penseli ukutani. Rudia kila mwezi hadi mvua za mwakani zipite. Kipimo kikiongezeka kwa kiasi kinachopungua mwezi hadi mwezi, endelea na biashara. Kikianza kuongezeka kwa kasi, shusha chupa siku hiyohiyo, usisubiri fundi.